Una hela ya kusaidia wanachuo, ufate njia ya Weill, ya Feeney au ya Smith? Ulinganisho toka Mwanza

Baba yangu mdogo kastaafu mwaka jana. Kafanya kazi zaidi ya miaka 30 kwenye kampuni ya minofu ya sangara hapa Mwanza, kaanza karani wa stoo kamaliza mkurugenzi wa fedha, na sasa anasema kuna milioni 150 kaitenga pembeni, haitaki kwenye biashara wala kwenye nyumba ya kupangisha, anataka iende kwa watoto wa chuo kikuu wanaotoka visiwani, Ukerewe na Ukara hasa, maana yeye mwenyewe kazaliwa Nansio na alipanda meli kuja kusoma mjini na begi la kuazima. Kaniita mimi kwa sababu nafanya kazi ofisi ya uhasibu ya chuo kimoja hapa hapa mjini, kila siku nakutana na wanafunzi wa ada. Akaniambia, "Mwanangu, niangalizie hao matajiri wakubwa walifanyaje, alafu unipe na la kwako."

Nimekaa nalo wiki tatu. Niliyompelekea ndo haya, nimeyaandika na hapa kwa sababu najua hayuko peke yake, Mwanza hii kuna wastaafu wenye nafasi, kuna wenye mabasi, wenye boti za uvuvi, wenye dhahabu huko Geita, kuna na vikundi vya waliosoma pamoja wanaochanga kila mwezi, na wote wanafika kwenye swali lile lile: nijenge, nisomeshe au niweke mfuko?

Tuanze na mtu ambaye jina lake tunalo hapa hapa nyumbani. Ukipanda kilima cha Bugando kuna chuo cha CUHAS, na shule yake ya udaktari inaitwa Weill Bugando. Tunalitamka kila siku na wengi hatujui kama ni jina la mtu. Ni Sanford Weill, wanamwita Sandy, kazaliwa Brooklyn kule New York mwaka 1933, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland, alianza kama tarishi wa kampuni ya hisa na mdogo mdogo akaja kuwa bosi wa Citigroup, ile benki kubwa iliyozaliwa 1998 pale kampuni yake ya Travelers ilipoungana na Citicorp. Ukurugenzi mkuu kauacha 2003, uenyekiti 2006. Mwaka huo huo wa 1998 yeye na mkewe Joan walitoa dola milioni 100 kwa chuo cha udaktari cha Cornell, chuo kikachukua jina lao, na toka hapo jina likaanza kusafiri, Qatar likaenda, na Mwanza likafika.

Na hakuja peke yake. Lowell Bryan, mkurugenzi kwenye kampuni ya ushauri ya McKinsey, alianzisha Touch Foundation mwaka 2004 ili kuibeba Bugando, wakati chuo kina mwaka mmoja tu tangu kianze 2003. Kwahiyo ukiangalia vizuri, watu wa maofisi ya New York walikutana na wazo la maaskofu Wakatoliki wa huku kwetu, hospitali ipo tayari, vitanda zaidi ya 900, wagonjwa wa kanda nzima wanakuja, kinachokosekana ni mahali pa kufundishia madaktari. Kabla ya hapo kijana wa kanda ya ziwa akitaka udaktari ilikuwa ni Dar au Moshi. Mwaka juzi mama yangu alilazwa pale, daktari aliyekuwa anamwona kila asubuhi kasomea pale pale kilimani na kwao ni Magu. Mimi hilo silichukulii poa hata kidogo.

Sasa muweke pembeni yake Chuck Feeney. Wamesoma chuo kimoja, Cornell, Weill kamaliza 1955 na Feeney 1956, na wote wawili wakaja kumwaga hela nyingi sana pale, ila tabia zao ni mbingu na ardhi. Feeney ni mtoto wa New Jersey, alikuwa mwanajeshi wa anga, akasoma kwa ule mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasomesha waliotoka jeshini, na pale chuoni alikuwa anauzia wenzake sandwichi usiku ili apate hela ya kujikimu. 1960 yeye na mwenzake Robert Miller wakaanzisha Duty Free Shoppers, maduka ya viwanja vya ndege yasiyotozwa ushuru, wakatajirika kupitiliza. Mwaka 1984 karibu mali yake yote akaihamishia kimya kimya kwenye taasisi yake, Atlantic Philanthropies, dunia inaendelea kumuita bilionea kumbe mwenyewe alishaacha kuwa bilionea zamani. Ilikuja kujulikana 1997 kwa sababu ya mauzo ya kampuni. Ukijumlisha yote ni dola bilioni 8, karibu bilioni moja imeenda Cornell, nyingine Ireland, Vietnam, Afrika Kusini, Australia, majengo kama 1,000 kwenye mabara matano na hakuna hata moja lenye jina lake. 2020 taasisi ikafungwa kwa sababu hela imeisha, ndo alivyotaka. Yeye na mkewe walibaki na kama dola milioni 2, wakaishi kwenye fleti ya kupanga San Francisco, saa yake mkononi ya plastiki ya bei ya chini. Kafariki Oktoba 2023 akiwa na miaka 92.

Bamdogo aliposikia habari ya ile saa alinyamaza muda mrefu, alafu akauliza, "Na watoto wake walisemaje?" Nikamwambia watoto wake aliwapa cha kwao mapema, hakuwaacha hivi hivi. Akatikisa kichwa, nadhani alikuwa anawafikiria wa kwake.

Haya, tuje kwenye kulinganisha, na nianze na jina kwa sababu ndo kitu cha kwanza watu wanabishania. Wengi wanasema toa usijionyeshe, Feeney ndo mfano. Mimi naona kwa mazingira yetu sio rahisi hivo. Ukimsaidia mtu Ukerewe bila jina, watu wataanza kuuliza hela ya nani, mwingine atasema ya mbunge, mwingine ya dhehebu fulani, mwisho mzazi anaogopa kuipokea kwa sababu hajui atakuja kudaiwa nini. Jina linampa mtu uhakika, na linamfunga anayetoa pia, maana ukishaweka jina lako huwezi kukimbia kazi katikati. Weill jina lake lilikuja pamoja na madaktari wa Weill Cornell kuja kufundisha Bugando na wa Bugando kwenda New York, na ukaribu ule umedumu.

Ila kuna upande wa pili wa jina na hapa naomba tuwe makini. Mwaka 2015 Joan Weill aliahidi dola milioni 20 kwa chuo kimoja kidogo cha milimani jimbo la New York, Paul Smith's College, kwa sharti kwamba chuo kiongeze jina lake mbele. Aliyeacha urithi wa kuanzisha chuo kile alishaandika kwenye wosia kwamba kiitwe hivo daima, kwa jina la baba yake. Chuo kikaenda mahakamani kuomba ruhusa, hakimu akakataa, na zile milioni 20 hazikuja. Chuo kilikuwa kinazihitaji kweli. Mwanafunzi aliyekuwa anasubiri pale hakuhusika na mzozo wa jina hata kidogo na ndo aliyekosa. Kwahiyo jina likae, sawa, ila lisiwe sharti. Bamdogo hapa tulikubaliana dakika mbili tu.

Kitu cha pili ni muda, na hapa Feeney anamshinda Weill kwa mbali kama wewe sio bilionea. Fikra ya mfuko wa kudumu inavutia sana, unaweka milioni 150 kwenye hatifungani za serikali, hela mama haiguswi, unakula riba milele. Tuseme inalipa asilimia 12 kwa mwaka, ni milioni 18 kila mwaka. Vizuri. Lakini milioni 18 ya leo sio milioni 18 ya baada ya miaka 20, ada inapanda, nauli ya meli inapanda, na nani atausimamia bamdogo akishaondoka? Mimi nimeshaona mfuko wa ukoo ukigeuka kesi. Sasa fanya kama Feeney, sema hii hela iishe ndani ya miaka 10, unakula riba na mtaji kidogo kidogo, kwa asilimia 12 ile ile unapata milioni 26 na ushee kila mwaka. Ni karibu mara moja na nusu, na unaona kwa macho yako, unamjua aliyemaliza, unarekebisha kinachokosewa ukiwa bado una nguvu za kupanda meli kwenda Nansio. Kwa utekelezaji lakini usiweke zote kwenye hatifungani ya miaka 25 maana ukitaka kula mtaji itabidi uuze sokoni, weka nyingine kwenye hatifungani fupi na nyingine UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako unatoa ukihitaji.

Kuna na kitu Feeney alikifanya ambacho watu hawakisemi sana wakati ndo kilikuwa na akili kuliko vyote. Ireland mwaka 1998 Atlantic haikutoa tu hela za utafiti kwa vyuo, ilikaa na serikali wakakubaliana kila upande uweke nusu. Hela yake ikavuta hela ya wengine. Bamdogo hana ubavu wa kukaa na wizara, ila anaweza kuiambia menejimenti ya chuo kwamba nitalipa salio la huyu mtoto na nyie mfute faini ya kuchelewa, au mwacheni afanye mtihani wakati hela inaingia. Hilo linawezekana, nimeshaliona likifanyika kwa mfadhili mmoja.

Kuhusu majengo sitaongea sana. Feeney alipenda kujenga na alijua kujenga, alitembelea mwenyewe, alichagua wasimamizi wazuri. Milioni 150 kwa bei za saruji na nondo za sasa hivi utapata kajengo kadogo sana, na jengo linataka mlinzi, maji ya MWAUWASA, umeme na rangi kila baada ya miaka michache, na vyote hivo havimo kwenye bajeti yako. Achana nalo.

Sasa Robert Smith. Huyu ndo kijana wa mtandaoni anampenda, na mimi nilivyomsikia mara ya kwanza machozi yalinitoka kabisa. Mei 2019, mahafali ya Morehouse kule Atlanta, chuo cha wanaume weusi, yeye ni bilionea wa kampuni ya uwekezaji ya Vista, kaalikwa kuhutubia, katikati ya hotuba akasema familia yake itaanzisha ufadhili wa kufuta madeni ya wahitimu wote wa mwaka ule. Karibu wahitimu 400, dola milioni 34, baadae ikajumuisha na mikopo ambayo wazazi walichukua kwa ajili ya watoto. Kule deni la chuo ni mzigo unaotafuna riba, mtu anafika miaka 40 bado analipa, kwahiyo kulifuta ni kumpa mtu maisha.

Huku kwetu je? Bodi ya Mikopo ikishakudai unakatwa asilimia 15 ya mshahara, inauma, hakuna anayebisha. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021, kwahiyo deni haliumuki kama zamani. Na anayekatwa ni mtu ambaye kashapata kazi. Ukichukua deni la milioni 12 kwa mtu mmoja, milioni 150 inafuta watu 12 au 13, wote wana ajira, wote wameshavuka mto. Wakati huo aliyezama katikati hayumo hata kwenye orodha. Njia ya Smith inafika mwishoni mwa safari, na kwa hapa Tanzania ninavyoona mimi watu wanaanguka katikati.

Niwaelezee ninavyoona. Ilikuwa wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, kijana wa mwaka wa tatu kaja dirishani kwangu, kimya, mpole. Bodi imemlipia sehemu ya ada, iliyobaki ni ya kwake, salio linasoma 425,000. Kaweka simu yake juu ya kaunta, kioo kimepasuka kutoka kona hadi kona, kanifungulia meseji za miamala mitatu kutoka kwa mama yake, 40,000, alafu 25,000, alafu 20,000, zote ndani ya siku nne. Mama anaanika dagaa, na mvua ilikuwa imepiga wiki nzima, dagaa waliokuwa kwenye kichanja wameharibika, wameuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Jumla 85,000. Kalipia kwa kontroo namba pale pale mbele yangu, salio likabaki 340,000, na mfumo hautoi kadi ya mtihani kama salio halijaisha. Hakuna kitufe cha huruma kwenye mfumo, nimetafuta. Aliniuliza tu, "Dada, hamna namna?" Sikuwa na namna. Akaahirisha mwaka.

Kuahirisha mwaka sio kupumzika. Ile elfu 10 kwa siku ya kula na kulala inayotoka Bodi ya Mikopo inasimama, chumba unakiacha, unarudi nyumbani unaingia kwenye dagaa au unaingia ziwani na kaka zako, na kila mwezi unaokaa kule unakuwa mgumu zaidi kurudi. Wapo wanaorudi. Wapo ambao majina yao bado yapo kwenye mfumo na salio lao dogo dogo, 200,000, 310,000, na mimi nayaona kila nikifungua.

Ndo maana nilipoweka njia zote pamoja nikamwambia bamdogo hela yako iende pale. Tufanye hesabu. Kumsomesha mtoto mmoja mwanzo mwisho, ada, malazi, chakula, vitabu, nauli, tuseme milioni 4 kwa mwaka, kozi ya miaka minne ni milioni 16, kwahiyo una watoto 9 na hela imeisha. Hiyo ndo njia wanayoitumia wenye mifuko mirefu, Mohammed Dewji wa kwetu alisaini ile ahadi ya matajiri ya kutoa nusu ya mali mwaka 2016, Mtanzania wa kwanza, na taasisi yake inagharamia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Mo Scholars. Ni njia nzuri sana ukiwa na hela ya kuirudia kila mwaka. Sasa upande wa pili, chukua milioni 26 kwa mwaka, wastani wa salio la mtu aliyekwama tuseme 400,000, unafungulia wanafunzi kama 65 kila mwaka, miaka 10 ni mara 650. Na kila mmoja kati yao serikali, mzazi na yeye mwenyewe wameshatumia mamilioni kumfikisha hapo, hela yako inaokoa na ya kwao.

Bamdogo hakukubali moja kwa moja, na alikuwa na haki. Kasema, "Mimi ningekuwa siku hizi nisingefika hata kwenye hilo dirisha lako. Nisingekuwa na nauli ya kutoka Nansio." Hiyo ni kweli kabisa na njia yangu haimgusi huyo. Mwenye ufaulu wa juu wa sayansi kidato cha sita siku hizi ana Samia Skolashipu, lakini mwenye ufaulu wa kawaida ambaye mkopo umetoka nusu na baba hayupo, huyo anakaa nyumbani na barua ya kuchaguliwa mkononi. Tukabishana mpaka sato akapoa mezani. Mwisho tukagawa: watoto wawili wasomeshwe mwanzo mwisho, milioni 32, iliyobaki 118 iende kwenye masalio, inatoa kama milioni 20 na laki nane hivi kwa mwaka, wanafunzi 52 kwa wastani ule ule. Mimi ningeweka zote kwenye masalio, nasema ukweli, lakini hela ni yake na kumbukumbu ya ile meli ni yake.

Kama na wewe unaelekea huku, haya ndo niliyomsisitizia toka upande wa dirisha. Usimpe mwanafunzi hela mkononi, lipa kwa kontroo namba yake moja kwa moja, sio kwa sababu ni mwizi, ni kwa sababu akiwa na 340,000 mkononi na mdogo wake anaumwa nyumbani ataituma nyumbani, na wewe ungeituma. Usianzishe NGO kwa milioni 150, usajili, ofisi, ukaguzi na ripoti vitakula wanafunzi wako, andikiana makubaliano na chuo yenye ukurasa mmoja au miwili inatosha, na kama mnachanga kikundi kizima mtake kitu kigumu zaidi basi kuna bodi ya wadhamini wa kushika mali ya kikundi, inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Majina yatoke ofisi ya mshauri wa wanafunzi pamoja na uhasibu, sio upande mmoja peke yake, maana mmoja anaijua shida na mwingine anaijua namba. Na hela iwe tayari wiki tatu kabla ya mitihani, mara mbili kwa mwaka. Ikija wiki moja baadae ni sawa na haijaja.

Kilichobaki hakijaisha ni jina la mfuko wenyewe. Bamdogo alitaka uitwe jina la kaka yake, yule aliyemwazima lile begi, aliyeacha shule yeye ili mdogo wake asome. Mamdogo anasema kwanza waandike kwamba angalau nusu ya masalio yawe ya watoto wa kike, kwa sababu wa kike akikosa 340,000 anaolewa, hasubiri mwaka kuahirishwa. Nimemwambia mamdogo hilo liingie ukurasa wa kwanza. Jumatatu bamdogo anakuja ofisini kuonana na mshauri wa wanafunzi, na nimeshamtolea orodha ya kwanza ya masalio, bila majina, namba tu na kiasi.